Mkono Wangu Ulivyosubiri Saa ya Mungu

Siku hizi mtu anaokoka Jumatatu, Jumatano ana kipaza sauti, Jumapili ana kanisa lake na turubai lake. Wakipita hapa kwangu Chuno kuniomba niwaunge mkono, nawakaribisha, nawapa maji ya kunywa, halafu nawauliza walisubiri muda gani. Wananitazama kama nimewatukana. Basi nimeamua kuandika jinsi mimi nilivyosubiri, ili wanangu wasije wakasimuliwa na watu wengine. Watu wengine wanaisimulia vibaya, hasa ile habari ya saa.

Shule nilisoma mpaka darasa la pili, tena la pili lenyewe nililiacha njiani. Kusoma nilijimalizia mwenyewe kwa kitabu cha sala, na kuandika ndiyo huku mnakokuona. Sioni aibu. Nyumba ninayokaa niliijenga kwa chokaa niliyoichoma mwenyewe, na ukipita Chikongola ukaona kuta za zamani ambazo weupe wake haujabanduka mpaka leo, baadhi ni kazi yangu, wala sikuambii zipi. Nilikuwa mchoma chokaa. Unakusanya mawe ya matumbawe pwani, unapanga magogo kwa duara, mawe unayalaza juu, unawasha. Yakishaiva unayamwagia maji, yanapasuka yanakuwa unga. Ni kazi ya moto, vumbi na macho mekundu, na aliyeizoea hamwogopi mtu.

Wakati huo tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, kwenye barabara ya kwenda Kilambo. Tulikusanywa kutoka huku na huku: Waislamu na mikorosho yao, sisi Wamakonde wa misheni, na watu waliovuka Ruvuma wakikimbia vita ya ng'ambo. Nyumba zilipangwa kwa mistari, jirani yako hukumchagua wewe.

Kijiji kizima kilikuwa na saa mbili za mkono. Moja ilikuwa ya katibu wa kijiji. Akiitazama anagonga rimu ya gari iliyotundikwa mbele ya ofisi, nasi tunakwenda shamba la kijiji. Hiyo tuliiita saa ya serikali. Ya pili alikuwa nayo mwalimu wetu wa dini, mzee wa Kimakua aliyeongoza sala kigangoni, kanisa letu dogo la kijiji, padre asipokuwepo, na padre mara nyingi hakuwepo kwa sababu petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Saa hiyo mzee alipewa na misheni siku alipowekwa kuwa mwalimu, ili ajue wakati wa kutuita kusali. Tuliiita saa ya Mungu. Hatukuiita hivyo kwa mzaha. Mtu akikuuliza saa ngapi, wewe unamuuliza kwanza, ya serikali au ya Mungu, maana hazikupatana. Ya serikali ilikuwa inakimbia, hasa msimu wa palizi. Waislamu walifuata jua, na walifika msikitini kwa wakati kuliko sisi wote.

Nayasema haya ili mjue kwamba sikuwa mjinga. Mtu yeyote wa kijiji chetu angeelewa kama nilivyoelewa mimi.

Wito ulinijia ndani ya kanisa, nikiwa nimesinzia. Mzee alikuwa anatuhubiria habari ya Nuhu, na safina ya Nuhu kwake haikupata kutia nanga. Nikafumbua macho nikasikia moyoni kwamba kazi ile ningeweza kuifanya. Nilitaka kumtumikia Mungu. Nilitaka pia kusimama mbele, na nilitaka kuitwa mwalimu. Yote matatu yalikuja pamoja, na mpaka leo sijaona kwa nini nilazimishwe kuchagua moja.

Padre alipokuja na pikipiki yake nikamfuata. Alikuwa mzungu wa makamo, ndevu nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu kwa sababu alikipata vitabuni. Shida ilianzia hapo. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea mkono begani, akaniambia, "Wewe subiri saa ya Mungu. Wakati unasubiri, fanya kila kazi ambayo mkono wako unaikuta."

Saa ya Mungu. Mkono wako. Nikarudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Mke wangu alikuwa anatwanga muhogo. Nikamwambia misheni watanipa saa.

Hakusimamisha mchi. "Ya mkono au ya ukutani?"

"Ya mkono. Ametaja mkono."

"Na mpaka hapo itakapofika?"

"Nifanye kazi nitakazozikuta."

"Anza na paa la jiko," akasema mke wangu.

Jambo lile lingekuwa la watu wawili tu kama mke wangu asingekwenda kisimani. Jirani yangu wa nyumba ya pili alikuwa Myao, Mwislamu, mtu wa korosho, na Myao na Mmakonde ni watani. Kwa mtoto wa leo asiyejua utani, maana yake ni kwamba mtu huyo anaweza kunitukana mbele ya mkwe wangu na sina pa kumshtaki. Mke wake alisikia kisimani, naye akasikia kwa mke wake, na kuanzia siku hiyo hakunisalimia tena kama watu wanavyosalimiana. Salamu yake ikawa, "Mtani, saa ngapi?"

Tukiwa kwenye foleni ya sabuni pale duka la ushirika, ataniita kutoka mwisho wa mstari, mtani, saa ngapi. Shamba la kijiji, majembe yote yamesimama yanasikiliza, mtani, saa ngapi. Nikimjibu kwamba haijafika, anawageukia wenzake na kuwaambia kwamba basi asubuhi yenyewe haijafika, turudini tukalale. Katibu akamwonya kwamba anavuruga uzalishaji. Akamjibu katibu kwamba yeye anafuata ya Mungu.

Mimi niliendelea kujiandaa. Chokaa ilikuwa imenila mikono, ngozi imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Mke wangu akasema saa juu ya mkono ule itaonekana ya wizi. Ikabidi niupake mkono wa kushoto mafuta ya nazi kila jioni, na mchana niutoe kwenye kazi kabisa. Nikawa nachoma chokaa kwa mkono mmoja, wa pili nimeunyanyua kama mtu anayeapa. Wateja waliokuja kununua walinipa pole.

Na kazi nilizifanya. Padre alisema fanya unayoikuta, nami kila nilipogeuka nilikuta moja. Kanisa letu lilikuwa la udongo na makuti, nikalipaka chokaa ndani na nje bila kumdai mtu. Mbuzi walilala humo siku za kazi, kwa hiyo kila Jumamosi nilifagia mavi ya mbuzi. Nilichota maji ya ubatizo. Mzee mwalimu alipougua homa nilimpelekea uji. Mgonjwa asiyeweza kutembea nilimpakia kwenye baiskeli yangu mpaka zahanati, na asiyepona nilimchimbia. Sikunung'unika sana. Nilijiambia kwamba misheni wanaangalia kwanza kama mtu ana bidii ndipo wamletee saa, na mimi kwa bidii sijaona wa kunishinda.

Halafu kulikuwa na bibi wa ng'ambo. Alivuka Ruvuma akiwa mtu mzima sana, amebebwa mgongoni, miguu yake haikuwa na nguvu tena. Alitaka kubatizwa. Kiswahili hakujua, alijua Kimakonde, na mzee mwalimu alisali kwa Kiswahili peke yake. Akanituma mimi nikamfundishe sala uani kwake. Nilidhani ni kazi ya wiki chache.

Yule bibi alikuwa hakubali neno mpaka alipime. Tulipofika kwenye mkate wetu wa kila siku akanisimamisha. Akaniuliza mkate ni nini. Nikamweleza. Akaniuliza kama mimi mwenyewe naula kila siku. Nikamwambia hapana, naula nikienda mjini, siku ambayo chokaa imenunuliwa.

"Basi kwa nini tumwombe Nnungu kitu ambacho hatuli?" akasema. Nnungu ni Mungu kwa Kimakonde. "Mwambie muhogo. Usimsumbue mtu kwa kumwagiza asichokuwa nacho, na hapa ghala yake ina muhogo tu."

Nikabishana naye mpaka jua likazama, nikashindwa. Tukaweka muhogo. Wanawake wengine wa ng'ambo walisikia mabishano yale, yakawafurahisha, wakaanza kuja na mikeka yao kukaa, na wao wana maswali yao. Ikawa kila Jumapili mchana uwanja wa bibi umejaa, mimi katikati natokwa jasho, nautetea upande wa Mungu kwa Kimakonde. Padre alipokuja kubatiza aliisikia ile sala ya muhogo. Akainamisha kichwa, akachezea ndevu, akaendelea na maji.

Kila padre alipokuja nilimsubiri amalize kuungamisha watu, nikamuuliza kwa adabu, "Baba padre, ile saa bado?"

"Bado," ananijibu. "Saa ya Mungu haiwahi wala haichelewi."

Nikamwambia mke wangu kwamba saa yenyewe ni nzuri, haiwahi wala haichelewi. Mke wangu akasema hata ya katibu ilisifiwa hivyohivyo ilipokuja.

Safari nyingine nikamuuliza inatoka wapi. Padre akanyoosha kidole juu, akasema inatoka kwa aliye juu. Nikajua inakuja kwa ndege. Wiki ileile nilipopeleka chokaa mjini niliegesha mzigo nikaenda uwanja wa ndege, nikamuuliza mtu wa mizigo kama kuna kifurushi. Akaniuliza cha nani. Nikamwambia cha Mungu. Alinitazama, akautazama mkono wangu mmoja mweupe wa chokaa na mwingine unaong'aa mafuta ya nazi, akaniambia kwa upole nirudi kesho.

Nilikaa hivyo misimu mingi ya korosho. Watoto wangu wawili walizaliwa nikiwa nasubiri. Na ningesubiri zaidi, ila macho ya mzee mwalimu yalianza ukungu. Akawa anasoma Injili kwa kukumbuka, na mahali asipokumbuka alimweka Nuhu. Jumapili moja baada ya misa padre akatuambia kwamba kigango kitahitaji mwalimu mpya, na akatuomba tuliweke jambo hilo katika sala.

Mimi sikuona haja ya sala tena. Nikasimama palepale, mbele ya watu wote, mtani wangu naye amekaa nje ya dirisha kwa sababu siku za padre kulikuwa na pilau.

"Baba padre," nikasema, "mimi nimesubiri, na watu hawa wote ni mashahidi. Kama ile saa imepotea njiani niambie. Kama misheni hawana uwezo, mimi nitaiagiza mwenyewe kwa gharama yangu, wewe uibariki tu, tuanze kazi."

"Saa gani?" akauliza padre.

"Saa ya Mungu. Ile ya mkono uliyoniahidi."

Nilimwona padre anaipitia kauli yangu neno kwa neno kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki mdomoni. Kisha akafika alipofika. Hakucheka, namshukuru kwa hilo, lakini alijifunika uso kwa kitambaa cha altare na mabega yake yakawa yanatikisika. Ndipo akanieleza. Saa maana yake ni wakati. Wakati ambao Mungu mwenyewe anaona unafaa. Hakuna chombo chochote kilichoagizwa.

Kanisa zima liliangua kicheko, na nje ya dirisha mtani wangu alianguka kutoka kwenye benchi lake. Hicho kicheko ningekivumilia. Kilichonikata ni mzee mwalimu. Yeye hakuwa amecheka. Aliushika mkono wake wenye saa, akauingiza ndani ya kanzu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kumbe ulikuwa unaisubiri hii."

Nikamwambia siyo hiyo.

"Uji ule ulioniletea nikiwa na homa," akasema, "ulikuwa unakuja kuangalia kama nimekufa."

Nikatoka. Fagio la kanisa lilikuwa limeegemea mlango, nikalilaza chini, nikaenda kwangu. Nikamwambia mke wangu kwamba mimi na kigango basi. Mbuzi wakarudi kanisani, chokaa ikaanza kupata madoa, ndoo ya ubatizo ikachukuliwa na mtu akaifanyia kazi ya pombe ya mabibo ya mikorosho. Wakija kuniita nawaambia wamtafute aliyeitwa, mimi sikuitwa, nilisikia vibaya. Kwa yule bibi wa ng'ambo peke yake niliendelea kwenda, kwa kuwa yeye hakunicheka. Aliposikia habari ya saa aliniuliza tu kama padre aliilipia ile chokaa.

Masika ilipokaribia, bibi akafariki. Alikufa mchana, amekaa kwenye mkeka wake, wanawake wakadhani anafikiri swali.

Kuchimba kaburi si kazi ya kanisa, ni kazi ya jirani, kwa hiyo nilichimba. Mtani wangu naye alichimba, na Waislamu wenzake wakachimba, hatukuwa na ubaguzi wa jembe. Padre tulimpelekea habari, jibu likaja kwamba pikipiki haina petroli. Mzee mwalimu aliletwa ameshikwa mkono, homa imemlegeza, akaketishwa kwenye kiti nyuma ya watu. Maiti ikaletwa. Upande wa mtoni wingu lilikuwa limeshuka jeusi. Watu wote wakasimama, na hakuna aliyeanzisha sala.

Wanawake wa ng'ambo wakanitazama mimi. Nikachomeka sepetu ardhini, nikawaambia wamsubiri mzee, mimi nimekuja kuchimba.

Mzee hakusimama. Hapo ndipo mtani wangu akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

Watani wana haki hiyo msibani. Anaweza kulala kaburini akadai kitu, na hamziki mpaka mmempa. Kwa kawaida anadai kuku. Nikamwinamia nikamwambia atoke, mvua inakuja, kuku atampata kwa wafiwa.

"Kuku ninao," akasema kutoka chini. "Nataka bibi huyu aombewe kwa maneno yake aliyoyazoea. Anayeyajua ni wewe."

"Mimi si mwalimu, mtani. Sijawekwa na mtu."

"Na mimi si maiti, lakini nimelala kaburini. Leo kila mtu ana kazi isiyo yake."

Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka katikati ya kulia. Nikamwambia ananidhalilisha mbele ya marehemu. Akasema marehemu amenyamaza, maana yake amekubali.

"Tena fanya upesi," akasema, "udongo unaniingia masikioni. Mimi Mwislamu. Nikifia humu, shehe utamjibu wewe."

Nilisimama pale na hasira yangu. Nilikuwa na hoja nzuri. Sikuwa nimeitwa na padre, wala na misheni, wala na mzee aliyekaa nyuma yangu na mkono wake kanzuni. Lakini bibi alikuwa amelala kwenye ubao, amefungwa kwenye kanga zake mbili, na nilijua angeniuliza nini. Angeniuliza kama hizo sala alizobishania jua na mvua alijifunza za nini, kama siku yenyewe zingebaki tumboni mwangu.

Nikavua kofia. Mkono wa kushoto ukiwa na udongo sawasawa na wa kulia, nikafanya ishara ya msalaba, nikaanza kwa Kimakonde. Mtani akatoka kaburini anajikung'uta, akasimama pembeni na wenzake. Nilianza kwa sauti ndogo. Wanawake wa mbele wakaipokea, na upepo wa mvua ukaanza kuyachukua maneno yangu kuyapeleka upande wa mtoni.

Ndipo nikasikia kiti kinalia nyuma ya watu. Mzee alikuwa amesimama. Nikakatiza, nikageuka nimpishe, nikijua sasa amekuja kuchukua kazi yake. Hakusogea. Alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio, na macho yake ya ukungu yameelekea nilipo.

"Paza sauti, mwalimu," akasema. "Sisi wa nyuma hatukusikii."